"Nilisha kufuta": sauti za watu ndani ya diski za SSD

Katika idara yetu ya lugha za Kiafrika tunafundishwa kuhifadhi. Tangu somo la kwanza la utafiti wa uwandani mwalimu anarudia: rekodi moja si rekodi, weka nakala ya pili, weka ya tatu, na ile ya tatu isilale nyumba moja na zile mbili. Ni fundisho jema, nami limeshaniokoa. Lakini katika miaka yote hii sikupata somo hata moja la kufuta. Nilijifunza mwenyewe, tena kwa aibu, na ninaandika ili wenzangu wanaojiandaa kwenda uwandani kiangazi hiki waende wakijua.

Kisa ni hiki. Nilikuwa nikikusanya mazungumzo ya Kisanga kwa ajili ya tasnifu yangu, kuhusu jinsi wazee wanavyotumia maneno ya udugu ndani ya masimulizi. Mmoja wa waliokubali kurekodiwa ni mama mzee ninayemwita Kambo, kama tunavyowaita mabibi na mababu huku Katanga. Siku ya tatu, kinasa sauti kikiwa mezani na taa yake nyekundu ikiwaka, alinieleza kwa nini kijana fulani wa ukoo wake haitwi kwa neno ambalo mtu wa nafasi yake angeitwa. Ni mfano ambao mtafiti anaweza kuutafuta mwaka mzima asiupate. Ila sababu yake ilihusu nani alimzaa nani, na kijana yuko hai, anaishi karibu, na hajui. Kambo alinyamaza, akaitazama ile taa, akasema: "Mujukuu, ile fasi uifute." Nikakubali. Nyumbani nikakata zile dakika sita kwa programu ya sauti, nikahifadhi faili mpya isiyo nazo, kisha nikafuta faili ya zamani kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kinasa sauti. Wiki mbili baadaye, kabla sijakaa, aliniuliza: "Ulisha kuifuta?" Nikajibu: "Nilisha, Kambo."

Tuanze na kitenzi, maana ndiyo kazi yetu. Tunafuta ubao, meza, vumbi, machozi. Vilevile mahakama inafuta kesi, mdai anafuta deni, serikali inafuta sheria. Matumizi haya mawili hayako sawa. Kwenye ubao kuna kitu kinachoondoka: chaki inahamia kwenye kitambaa, na ubao unabaki mtupu. Kwenye deni hakuna kilichoondoka. Karatasi iliyoandikiwa deni bado imo sandukuni, ila watu wamekubaliana kwamba haina nguvu tena. Kompyuta ikisema faili imefutwa, inasema habari ya deni. Sisi tunasikia habari ya ubao.

Kuna na jambo la njeo. Katika Kiswahili sanifu "nilifuta" inasema kwamba tendo lilitendeka. "Nimefuta" inaongeza kwamba matokeo yake yapo mpaka sasa. Anayesema "nilifunga mlango" anaweza kuendelea "lakini upepo ukaufungua" bila mtu kushangaa. Anayesema "nimefunga mlango" anaahidi kwamba ukienda sasa hivi utaukuta umefungwa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kazi hiyo mara nyingi tunampa kitenzi kuisha: nilisha kula, nilisha kumwambia, alisha kufa. Kambo hakuniuliza kama niliwahi kubonyeza kitufe. Aliniuliza kama jambo limekwisha. Kwa swali hilo jibu langu halikuwa kweli, ingawa siku ile sikujua.

Nilijua kwa sababu ya zamu. Kinasa sauti si changu, ni cha wanafunzi wengi, na hupita mkono kwa mkono na kadi yake ndani. Jumatatu ilikuwa ya mwenzangu mwingine. Rafiki yangu anayesoma mambo ya kompyuta akaniuliza kwa utani ni zawadi gani ninayomwachia huyo anayefuata, akaichomeka kadi kwenye mashine yake na kuendesha PhotoRec. Ni programu ya bure ambayo haijali majina ya faili wala folda. Inapekua kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo za aina za faili inazozijua, na faili za sauti za WAV zimo. Baada ya muda zikajipanga mbele yetu faili zilizopewa majina ya tarakimu. Nikafungua ya nne. Nikamsikia Kambo akicheka, kicheko cha dakika chache kabla ya ile siri. Nikaizima upesi kabla rafiki yangu hajaanza kusikiliza.

Kadi ni rahisi kueleza. Unapofuta faili, mfumo wa kadi unagusa orodha tu: jina la faili linawekewa alama kwamba nafasi yake ni huru. Fikiri maktaba ambamo karani amechomoa kijikaratasi cha kitabu kwenye kabati la fahirisi na kukiacha kitabu kwenye rafu. Kitabu kitakaa pale mpaka siku mtu atakapohitaji nafasi ile. Anayeingia na kijikaratasi hakioni. Anayepita rafu kwa rafu anakiona.

Tukafanya jaribio lile lile kwenye kompyuta yangu, yenye diski ya SSD ya gigabaiti 256. Hatukupata kitu. Rafiki yangu akaridhika: "Unaona? SSD ni safi yenyewe." Usiku ule mimi nilianza kusoma, na nikakuta kwamba kwenye SSD mambo ni magumu kuliko kwenye kadi, kwa sababu mashine inajibu "hakuna kitu" wakati kitu huenda bado kipo.

Kumbukumbu iliyomo ndani ya SSD ni ya aina iitwayo flash. Ilibuniwa katika kampuni ya Toshiba huko Japani miaka ya 1980 na Fujio Masuoka, na jina lake linasemekana lilipendekezwa na mwenzake Shoji Ariizumi. Aliona kwamba ufutaji wake, unaosafisha seli nyingi kwa mpigo mmoja, unafanana na mwako wa taa ya kamera. Basi kumbukumbu hii ilipewa jina kutokana na namna inavyofutwa. Mtu wa semantiki hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo.

Mpigo huo mmoja ndio mzizi wa tatizo. Ndani ya chipu, data huandikwa katika kurasa, kila ukurasa ukiwa na kilobaiti chache. Kurasa mamia zinaunda bloku moja. Unaweza kuandika ukurasa mmoja peke yake, lakini huwezi kufuta ukurasa mmoja peke yake: ni bloku nzima au hakuna. Na ukurasa ulioandikwa haukubali kuandikwa juu yake mpaka bloku yake ifutwe. Kwa hiyo ukibadilisha herufi moja katika tasnifu yako, diski haiendi kuirekebisha pale ilipo. Inaandika toleo jipya kwenye ukurasa mwingine ulio wazi, kisha inabadilisha jedwali lake la ndani: "kuanzia leo anwani hii ipo kule". Toleo la zamani linabaki palepale, halina anwani tena, likisubiri siku bloku yake itakaposafishwa. Ni kama mtu anayeandika daftari kwa wino na hana kifutio. Akikosea anaandika upya ukurasa wa mbele na kurekebisha fahirisi mwanzoni mwa daftari.

Anayesimamia yote haya ni kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe. Kompyuta yako haioni chipu. Inamwuliza kidhibiti, naye anajibu. Nimezoea kumfikiria kama bawabu wa jumba ambalo wageni hawaruhusiwi kuingia: unaomba chumba namba 40, yeye anakuletea vitu, nawe hujui chumba namba 40 kiko upande gani leo. Anahamisha vitu kila wakati kwa sababu kila bloku huchakaa. Inaweza kufutwa mara kadhaa tu, kwa diski nyingi za kawaida ni maelfu machache, kwa hiyo anagawa kazi ili bloku zote zizeeke pamoja. Anazo pia bloku za akiba ambazo wewe huzioni kabisa. Diski yangu inayoitwa ya gigabaiti 256 ina nafasi zaidi ya hizo ndani yake, kwa kawaida ziada ya kama asilimia 7, na hakuna amri ya kuandika faili inayoweza kuielekeza sauti ya Kambo iingie huko au isiingie.

Sasa lile jibu la "hakuna kitu" lilitoka wapi? Kuna amri iitwayo TRIM. Mfumo endeshi wa kisasa ukifuta faili humwarifu bawabu: anwani hizi sizihitaji tena. Kuanzia hapo, diski nyingi zikiulizwa habari za anwani hizo hujibu kwa sifuri tupu, hata kama kurasa zenyewe hazijasafishwa bado. PhotoRec ilimwuliza bawabu, bawabu akasema chumba ni kitupu. Hakudanganya kwa maana yake. Lakini mtu anayeng'oa chipu na kuzisoma moja kwa moja hapiti kwa bawabu.

Hilo si dhana tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Michael Wei, walitangaza matokeo ya kufanya hivyo hivyo: waliandika data inayotambulika kwenye diski za SSD, wakajaribu kuifuta kwa njia mbalimbali, kisha wakasoma chipu zenyewe bila kidhibiti. Njia zote za kufuta faili moja moja kwa kuandika juu yake zilishindwa. Kwenye SSD walizozipima, kati ya asilimia 4 na 75 ya data ya faili ilikuwa bado inasomeka. Kuijaza diski nzima mara mbili kulitosha mara nyingi, ila si kila mara. Hata amri maalumu ya kufuta diski nzima, ambayo watengenezaji huiweka ndani ya kidhibiti, haikuwa ya kuaminika kwa diski zote: diski moja iliripoti kwamba kazi imekamilika, na data yote ilikuwa mahali pake. Yaani ilijibu "nilisha" kama mimi nilivyomjibu Kambo.

Kuna ushauri wa zamani ambao bado unazunguka kati yetu, kwamba faili ya siri iandikwe juu yake mara 35. Unatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na mara hizo 35 zilikusudiwa aina nyingi za diski za sumaku za wakati ule, wala si kwamba kila diski ilizihitaji zote. Kwenye SSD unaandika mara 35 kwenye kurasa 35 nyingine, unaizeesha diski yako, na ukurasa wa asili unaweza kubaki bila kuguswa. Kampuni ya Apple mwaka 2015 iliondoa kabisa katika mfumo wake kitufe cha kumwaga jalala kwa usalama, kwa sababu hiyo hiyo: kwenye kumbukumbu za flash hawakuweza kuhakikisha ahadi ya kitufe. Mfanyabiashara mmoja wa kompyuta za mitumba hapa mjini alinishauri nipitishe sumaku ya spika juu ya diski. SSD haihifadhi kitu kwa sumaku. Ningebaki na diski nzima, sumaku, na moyo uliotulia bure.

Rafiki yangu aliniuliza swali la haki: nani hapa Lubumbashi atang'oa chipu kwa ajili ya siri ya bibi mmoja? Pengine hakuna. Kazi hiyo inataka vifaa, ujuzi na fedha. Lakini Kambo hakuniomba nikadirie uwezo wa wezi. Tena si kila mmoja wetu anabeba siri ya ukoo mmoja. Kuna wenzetu wanaorekodi watu waliokimbia vita vya mashariki, na ndani ya masimulizi yale mna majina ya waliotenda na ya waliowaficha majirani zao. Kompyuta hizi zetu tunanunua zikiwa zimetumika na tunaziuza tena mwaka wa mwisho, na faili zote hizo husafiri nazo.

Basi, mtu afanyeje?

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina mwongozo unaotumiwa sana, unaogawa kazi hii katika ngazi tatu. Nilijaribu kuzitafsiri na nikaona Kiswahili kinazipokea vizuri. Ngazi ya kwanza ninaiita kufuta: data haipatikani kwa anayeuliza kwa njia ya kawaida. Ya pili ni kutakasa: haipatikani hata kwa aliye na maabara. Ya tatu ni kuangamiza: chombo chenyewe hakitumiki tena. Kitufe cha jalala hakifiki hata ngazi ya kwanza kwa hakika. PhotoRec kutoona kitu kwenye SSD yangu ni dalili ya ngazi ya kwanza tu.

Kwa diski nzima, njia ya kutakasa ni kumwamuru kidhibiti mwenyewe. Diski za SATA zina amri ya ufutaji salama, ambayo kwenye Linux hutolewa kwa programu ya hdparm: kwanza unaiwekea diski nenosiri la muda, kisha unatoa amri. Diski mpya za NVMe zina amri zao, format na sanitize, kupitia programu iitwayo nvme. Kwenye baadhi ya kompyuta utazikuta ndani ya menyu ya BIOS, na watengenezaji wengi wa diski wana programu yao ya Windows. Unawasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye fleshi, kwa kuwa huwezi kutakasa diski unayoitumia saa hiyo hiyo.

Mambo manne yalinisumbua, nami nayaeleza kwa sababu miongozo huyapita haraka. Kwanza, hdparm iliniambia diski "imeganda". Ni kinga: BIOS huifunga amri hii wakati wa kuwasha ili programu mbaya isiitumie. Nililaza kompyuta usingizi, nikaiamsha, ikafunguka. Pili, umeme. Ukikatika katikati ya kazi, diski inaweza kubaki imefungwa kwa lile nenosiri la muda. Kwa hiyo fanya betri ikiwa imejaa, na nenosiri hilo uliandike kwenye karatasi. Ni la muda, baadaye halina siri yoyote. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, katika mitaa yetu, mimi nisingejaribu bila akiba ya umeme. Tatu, ukiitoa diski na kuichomeka kwa waya wa USB, adapta nyingi hazipitishi amri hizi, au huzipitisha vibaya. Irudishe ndani ya mashine. Nne, jina la diski. Kati ya sda na sdb kuna herufi moja, na amri haikuulizi mara mbili kama una uhakika kuwa hiyo siyo diski yenye tasnifu. Nilisoma namba ya diski kwa sauti mara tatu, kama mtoto anayesoma silabi.

Amri ikiisha, washa tena uangalie: diski nzima inapaswa kusoma sifuri au takataka isiyo na maana. Hilo halithibitishi yote, kwa kuwa ni bawabu anayejibu tena, lakini likikuonyesha faili zako za zamani, utajua amri haikufanya kazi.

Kwa faili moja ndani ya SSD inayoendelea kutumika, sikupata njia ya hakika. Unaweza kuifuta na kuhakikisha TRIM imepita. Kwenye Linux amri ni fstrim. Unaweza kujaza nafasi yote iliyo wazi kwa faili zisizo na maana, kisha kuzifuta. Njia hizo hupunguza uwezekano, hazimalizi jambo. Ndiyo maana kwa ajili ya dakika sita nilihamisha kazi yangu yote, nikaitakasa diski nzima, nikasimika mfumo upya. Jumamosi moja ilikwenda hivyo, pamoja na nusu ya Jumapili.

Kadi ya kinasa sauti haina amri ya aina hii ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia na kuiamini. Niliikata vipande vidogo kwa mkasi wa bati, kuhakikisha blade inapita kwenye chipu yenyewe, na nikanunua nyingine kwa pesa yangu. Anayetaka kuangamiza SSD ajue pia kwamba ndani yake mna chipu kadhaa: tundu moja la mashine ya kutobolea linaweza kuharibu moja na kuziacha nyingine nzima.

Yote hayo ni kazi ya mtu aliyechelewa. Mtu asiyechelewa anasimba diski yake kabla ya rekodi ya kwanza. Kusimba ni kuigeuza data kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo: VeraCrypt na LUKS ni za bure, na baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker. Hapo bawabu anaweza kuhamisha kurasa anavyopenda na kusahau nakala kwenye bloku za akiba. Zote ni mafumbo. Siku ya kufuta unapoteza ufunguo tu. Neno "kabla" hapa ni la lazima. Ukisimba baadaye, kurasa za zamani zilizoandikwa wazi zinaweza kubaki pembeni kama zilivyokuwa. Usiitegemee sana ile diski inayojisimba yenyewe ndani kwa ndani: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya diski za watengenezaji wakubwa zilifunguka bila nenosiri sahihi, na mwaka uliofuata Microsoft ilibadilisha BitLocker isiziamini diski hizo kwa kawaida. Na kwa kuwa hata jedwali lenye ufunguo linaweza kubaki kwenye ukurasa wa zamani, nenosiri ndilo ngome ya mwisho. Maneno sita au saba yaliyookotwa kwa kura kutoka kamusi yanatosha. Methali haifai, hata ikiwa ndefu. Sisi wa lugha tunazipenda, na anayetujua ataanza nazo.

Niliporudi kwa Kambo nilimweleza. Sikumsomea habari za bloku. Nilisema kwamba mara ya kwanza nilifikiri imekwisha kumbe ilikuwa bado, kwamba kadi niliikata na kompyuta niliisafisha yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiokota mawe kwenye maharage. Kisha akauliza: "Na nani mwengine alisikia?"

Swali hilo lilinikuta sijajiandaa, na ndilo ningepaswa kuanza nalo. Nilirudi kuhesabu. Faili ya ELAN yenye maandishi yangu ya rekodi ile ilikuwa bado na sentensi zote, jina la kijana likiwemo. Nilikuwa nimekata sauti na kuyaacha maneno. Pembeni yake palikuwa na nakala yenye mwisho wa .001, ambayo ELAN huitengeneza yenyewe ukiwa umewasha uhifadhi wa akiba. Zote mbili nilikuwa nimezihamisha kwa uangalifu mkubwa pamoja na "kazi yangu yote" kabla ya kutakasa diski, na kuzirudisha. Halafu kulikuwa na sekunde arobaini nilizomtumia mwenzangu mmoja kwa WhatsApp wiki ile ya kwanza, kabla Kambo hajaniuliza kitu, ili anisaidie kusikia toni ya neno moja. Neno lenyewe lilikuwa katikati ya ile fasi.

Kompyuta niliitakasa mara ya pili, safari hii nikaisimba kabla ya kurudisha kitu chochote. Kwa mwenzangu nilikwenda mwenyewe, Katuba, jioni. Alitafuta, akaipata kwenye mazungumzo yetu na mara ya pili kwenye folda ya sauti, akazifuta zote mbili mbele yangu. Simu yake ni ya miaka ya karibuni na imesimbwa, kwa hiyo siku atakapoirudisha katika hali ya kiwandani ufunguo utapotea na kila kilichomo kitakuwa fumbo. Anataka kuiuza mwisho wa mwaka. Ameniahidi kwamba kabla ya kumpa mtu ataniita, tuirudishe hali hiyo pamoja, na mimi nimemwambia Kambo kwamba mpaka siku hiyo jibu langu ni "bado".